Wanaandika juu ya Lugha Zetu. Sisi Tutasoma Wapi?

Mtu akitaka kujua namna watu wa Lubumbashi wanasemaka Kiswahili, asipoteze wakati wake katika maduka ya vitabu ya hapa. Apande ndege aende Amsterdam. Ao Vienna, ao Illinois, ao Paris. Kule atakuta Kiswahili chetu kimefungwa vizuri ndani ya vitabu: sauti zake zimehesabiwa, vitenzi vyake vimepangwa, na kile tunachoitaka makosa kimepewa majina ya kisomi ambayo hayana aibu hata kidogo. Atakuta hata mazungumzo ya watu wa kwetu, neno kwa neno, na kila "bon" na kila "paske" imetiwa alama. Kitu kimoja hatakikuta: mtu wa Katuba aliyeketi akisoma.

Tutaje kazi zenyewe, watu wasiseme tunazusha. Edgar Polomé, aliyekuwa mwalimu katika inivesite ya Elisabethville miaka ya mwisho ya Wabelgiji, aliandika juu ya Kiswahili cha Katanga katika miaka ya 1960, kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Walter Schicho wa Vienna alitoa kitabu kizima juu ya namna tunavyopanga sentensi zetu, kwa Kijerumani. Mwana wa inchi, Mwamba Kapanga, alipata udokta wake 1991 katika inivesite ya Illinois kwa tezi juu ya Kiswahili cha Shaba, sawa vile jimbo liliitwa wakati ule. Kiingereza. Vincent de Rooij, Mholandi, alitoa yake Amsterdam mwaka 1996. Kiingereza tena. Bukavu nao wako na yao: Didier Goyvaerts aliandika 1988 juu ya Indubil ya mji wao, katika revue ya Waingereza. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kwa Karthala, kule Paris, sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi pamoja na hadithi na msamiati. Hii angalau ni Kifaransa, na kati ya hao watatu wawili ni walimu wa kwetu. Njo kusema karibu miaka hamsini ya kazi, na katika hizo zote hakuna hata moja iliyoandikwa kwa lugha inayochunguzwa.

Sisemi kwamba ni kazi mbaya. Ni kazi nzuri, tena nyingine ni nzuri sana, na uzuri wake njo unaoniuma. Kazi mbaya ingebaki kule mbali, hakuna mtu angeililia.

Chukua ile ya de Rooij. Sisi wote tuliokaa kwenye banki ya shule tumekemewa juu ya kuchanganya Kifaransa na Kiswahili. Mwalimu alisema ni uvivu. Padri alisema ni majivuno. Na wazee wa kijiji, ukienda likizo, walisema umepotea. De Rooij alikaa akasikiliza kanda, akaandika, akahesabu. Akaona nini? Kwamba yale maneno madogo ya Kifaransa, "mais", "parce que", "donc", "bon", hayaangukii mahali popote tu. Yanakaa pale mazungumzo yanapogeuka: pale msemaji anaacha hadithi na kutoa sababu, pale anafunga jambo moja na kufungua lingine. Na juu ya nini Kifaransa? Kwa sababu neno la sauti ya kigeni katikati ya Kiswahili linasikika haraka, sikio linalishika, sawa vile dereva anashika taa ya njia panda. Kuchanganya kwetu, basi, kuko na kazi, na mwenye kukufanya anajua anafanya nini, hata kama hawezi kukueleza. Tangu 1996 jambo hili liko katika kitabu. Mama wa Kampemba ambaye mwaka huu ameitwa shuleni aambiwe kwamba mtoto wake "anaharibu lugha mbili kwa mara moja" hana njia ya kulijua. Na yule mwalimu aliyemwita, mara nyingi, naye hana.

Hapa kuna kichekesho ambacho ningependa wasomi wenyewe wakiangalie kwa makini. Uchunguzi huu unahusu wingi wa lugha. Kila utangulizi unasifu: Afrika ni bara la lugha nyingi, Mwafrika wa mji anatembea na lugha tatu, ine, mfukoni, hiyo ni mali, si shida. Vizuri kabisa. Kisha sifa hizo zote zinaandikwa katika lugha moja, zinasomwa katika lugha moja, na mtu asiyekuwa na ile lugha moja haingii. Mfanyabiashara wa soko la Kenya anauza kwa Kiswahili, anabishana bei na Mubemba kwa Kibemba, anamwitikia mama mkwe kwa Tshiluba, anajitetea mbele ya mupolisi kwa Lingala, na kukienda Kasumbalesa kuchukua mali anaokota Kiingereza cha Wazambia. Mtu huyo, ndani ya artikle, ni mfano wa ajabu. Mbele ya artikle, ni kipofu.

Wenzetu watanijibu: dunia ya elimu njo inavyotembea, kila mahali ni vile. Si kweli kwamba ni kila mahali. Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa ikitoa majarida *Kiswahili* na *Mulika*, na ndani yake wataalamu walibishana juu ya fonolojia na mofolojia kwa Kiswahili chenyewe, bila kufa. Mwaka 1990 taasisi ileile ilitoa kamusi ya istilahi za isimu na lugha. Hata Ujerumani, jarida *Swahili Forum* linapokea makala kwa Kiswahili, na linasomwa kwenye intaneti bila kulipa. Kwa hiyo ile hadithi ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu, tuiweke chini. Maneno yako. Yanayokosekana ni watu wa kwetu wenye kuyatumia.

Mudimbe, wakati alipokuwa akifundisha Lubumbashi, aliuliza katika *L'Autre face du royaume*, mwaka 1973, kama elimu ya Waafrika inaweza kusimama kwa miguu yake ikiwa inaendelea kufikiri katika lugha za Ulaya. Swali zito. Aliliuliza kwa Kifaransa kizuri sana, kigumu sana, na sisi kwa miaka hamsini tumelirudilia kwa Kifaransa kibaya.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mfano mmoja ambao unafundisha zaidi kuliko mabishano yangu. Mwaka 1965, hapa mjini, maboyi wa zamani, wale waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu, walitaka historia yao iandikwe. Aliyeshika kalamu ni André Yav. Wakaita maandiko yao *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, ingawa si orodha ya maneno hata kidogo: ni historia ya mji kutoka chini, kutoka jikoni, namna mtumishi alivyoiona. Kiswahili chake ni kile cha kwetu, bila koti ya kanisa, bila mwalimu aliyesimama nyuma. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzo wa miaka ya 1970, alikitoa mwaka 1990 katika kitabu, pamoja na maandiko yenyewe, tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu. Alisaidiwa na Kalundi Mango, mtu wa hapa. Na angalia jambo hili: ili maandiko yale yaeleweke, ilifaa yasomwe kwa sauti. Maneno yalikuwa yamekatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo macho peke yake yalipotea. Lakini mtu wa Lubumbashi akisoma kwa mdomo, maana inatoka yote. Mwanasayansi na vyombo vyake vyote alihitaji mdomo wa mtu wa kartye.

Mwaka 2001 maandiko hayo yaliwekwa kwenye intaneti, bila bei, pamoja na kanda nyingine za Kiswahili cha watu. Fabian na de Rooij njo waliofanya kazi hiyo, na ninawatolea kofia. Hawakungoja tuwaombe. Lakini hata pale, nenda uangalie: sauti ni Kiswahili, maelezo ni Kiingereza. Mjukuu wa boyi anaweza kusoma babu yake alisema nini. Hawezi kusoma watu wamefikiri nini juu ya kile babu yake alisema. Ni sawa vile kumruhusu mtu asikilize kesi yake mwenyewe mpaka shahidi amalize, kisha kumtoa nje wakati juje anafungua mdomo.

Tshibumba Kanda Matulu, mpiga picha za rangi ambaye wazee wengi wa hapa wanamkumbuka, alichora historia yote ya inchi, picha zaidi ya mia moja, na katika miaka ya 1973 na 1974 alimweleza Fabian picha moja moja. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe amepotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hakuna anayejua kwa hakika alikoishia. Picha ziko Amsterdam. Na ile historia nyingine aliyoiandika kwa mkono, kwa Kifaransa cha shule ya msingi, Jan Blommaert aliichambua katika kitabu cha 2008, akaonyesha jambo moja la kweli na la uchungu: andiko linaloheshimiwa katika kartye yake, likisafiri kwenda inchi nyingine, linapoteza uzito njiani, kule linaonekana maandishi ya mtu asiyejua kuandika. Mimi ninaongeza upande wa pili, ambao hausemwi sana. Andiko la msomi nalo likisafiri kuja huku linapoteza uzito. Linafika jepesi kabisa: halifiki.

Sasa, tusiwatupie Wazungu mzigo wote. Mzungu anaandika kwa lugha ya wale wanaomlipa. Njo kawaida ya kazi. Sisi je? Asistanti wa inivesite zetu anajua vizuri kitu gani kitamfanya awe shefu wa kazi, na kitu gani kitamfanya profesa: artikle katika revue zinazojulikana, na kama revue iko inje ya inchi, vizuri zaidi. Hakuna mtu anayemkatalia kuandika kwa Kiswahili. Wanamwacha tu aandike, kisha hawahesabu. Basi anakwenda kartye na kanda yake, anakaa na watu siku tatu, wanamwekea kiti na maji, wanamwambia mambo ambayo hawajamwambia hata padri. Anarudi biro, anageuza mazungumzo yale Kifaransa, Kifaransa kinageuka artikle, artikle inageuka grade. Watu walewale wakimkuta njiani na kumuuliza "Mwalimu, ile mambo ulituuliza, iliishiaka wapi?" anacheka na kusema iko inaendelea. Imeendelea miaka kumi.

Tuko na CELTA, kile kituo cha lugha kilichoanzishwa Lubumbashi mwaka 1971. Wenye umri watakumbuka kwamba mwaka 1974 wanaisimu wa Zaïre nzima walikutana hapahapa, na moja ya mambo yaliyowashughulisha ni namna ya kuandika lugha zetu. Kulikuwa na ndoto wakati ule. Sitaki kuimba nyimbo za zamani, kwa sababu hata wale wa 1974 walibishana kwa Kifaransa. Lakini walijua angalau kwamba kazi yao ilikuwa na mahali pa kuangukia: shule, redio, gazeti.

Na shule njo mahali ambapo gharama ya ukimya huu inalipwa kila asubuhi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema lugha za taifa ao lugha za mazingira zitumike kufundishia, tena zifundishwe zenyewe kama somo. Katiba ya 2006 imekwisha kutaja Kiswahili kati ya lugha ine za taifa. Vizuri. Lakini Kiswahili kipi? Mtoto wa Rwashi anaingia mwaka wa kwanza, anasema "batoto beko banacheza, kitabu yangu iko wapi". Kitabu cha shule kinasema "watoto wanacheza, kitabu changu kiko wapi". Mwalimu anatia nyekundu. Anafikiri mtoto hana sarufi. Kumbe mtoto ana sarufi kamili, na wataalamu wameieleza: watu wanachukua upatanisho wa watu, "eko" kwa mmoja na "beko" kwa wengi, vitu, karibu vyote, vinakwenda pamoja na "iko" na "yangu", bila kujali ki- ao vi-. Kitenzi kikiongezwa -ka mwishoni, "anasemaka", maana yake ni desturi, jambo la kila siku. Kitu kikiwa kidogo kinachukua ka-, vikiwa vingi tu-: "katoto", "tutoto". Hakuna fujo hapo. Mwalimu mwenye kujua hayo angefundisha Kiswahili cha kitabu kama nyumba ya pili: hapa kwetu tunasema vile, kule wanasema vile, tuangalie tofauti. Asiyejua anampiga mtoto kwa kosa la kuzaliwa Rwashi. Na elimu ambayo ingemwokoa mwalimu huyo ipo, imechapwa, imefungwa kwa Kijerumani.

Hapa watatokea ndugu zetu wa Kiswahili bora. Watasema: njo vizuri zaidi, tuache hicho Kiswahili cha mitaani, tujifunze kile cha Zanzibar na Dar, hasa sasa ambapo Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Umoja wa Afrika mwaka uleule umekubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Mimi sikatai Kiswahili bora. Mnaona mwenyewe ninavyojikaza kukiandika. Lakini angalieni namna hoja hiyo inavyofanya kazi. Inasema Kiswahili cha mtu wa Lubumbashi hakistahili kuandikwa. Kisha Mzungu anakuja kukiandika, anapata udokta. Kumbe kilistahili! Kilikosa tu mtu wa nyumbani wa kukiheshimu. Na mtu anayefikiri Watanzania watatuheshimu siku tutakaposema sawa na wao, ajaribu. Watasikia lafudhi kabla hajamaliza "shikamoo".

Kuna jambo lingine, na hili si la shule. Ninaliandika polepole kwa sababu wengi wetu tuliliona kwa macho.

Miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Likasi, Kolwezi, miji mingine. Watu walilala kwenye magari moshi na kwenye stasyo majuma na majuma, wengi walikufa njiani. Wakati ule lugha ilikuwa kati ya vitu vilivyotumiwa kumtambua mtu: anasemaje, jina lake linaishiaje, nyumbani kwake wanaongea nini. Na kulikuwa na usemi ulioenea kwamba Kiswahili ni cha wenyeji, Tshiluba ni cha wageni. Sasa fungua vitabu nilivyotaja. Kiswahili cha Lubumbashi kimetoka wapi? Mji ulianzishwa 1910. Wenyeji wa udongo huu, Wasanga, Walamba, Wabemba na wengine, walikuwa na lugha zao. Kiswahili kilikuwa njiani tangu biashara ya karne ya 19, lakini kama lugha ya mji huu kilisukumwa na Wabelgiji, ambao hawakutaka Kiingereza na lugha ya mashimo ya kusini vipande kutoka Rhodesia, na ndani ya kambi za Union Minière kilifinyangwa na wafanyakazi kutoka pande zote. Kati ya waliokifinyanga wako Wakasai, kwa maelfu, walioletwa na kampuni. Kile kikundi cha ka- na tu-, ile -ka ya desturi, mambo hayo hayatoki Zanzibar: kile kikundi kiko katika Kibemba, kiko katika Kiluba, kiko katika Tshiluba. Yule aliyempigia kelele jirani yake "rudia kwenu" alitumia lugha ambayo babu wa jirani alisaidia kuijenga.

Sisemi kitabu kingezuia panga. Watu wa siasa waliowasha moto ule hawakuwa na haja ya sarufi, na sarufi isingewazuia. Lakini tezi ya Kapanga ilimalizwa 1991, mwaka mmoja mbele. Juu ya Kiswahili hichohicho, juu ya namna lugha za watu waliokuja zilivyoingia ndani yake. Na redio za hapa, na makanisa, na chama cha wazazi, hakuna hata moja ya hizo ilikuwa na karatasi mbili za Kiswahili za kusoma mbele ya watu: lugha hii hakuna anayeweza kumfukuza nayo mwenzake, kwa sababu ni ya wote walioifanya. Ukweli huo ulikuwa umekwisha kuthibitishwa, lakini hapa mjini hakuna mtu aliyekuwa nao mkononi.

Na leo tena tunaisikia ileile hotuba, mara juu ya Wakasai wanaoshuka Lubumbashi na Kolwezi kutafuta maisha, mara kule Kivu juu ya watu wanaoambiwa si wa inchi kwa sababu ya lugha ya mama zao. Mwenye kuchunguza lugha katika inchi ya namna hii hawezi kusema kazi yake ni ya maktaba. Nani anasema nini, wapi, tangu lini: hapa kwetu majibu ya maswali hayo yanabeba mashamba, viti vya uchaguzi, na roho za watu. Akiyatoa kwa lugha ambayo wahusika hawaisomi, anaacha uwanja wazi kwa mwongo wa kwanza mwenye mikrofoni.

Ninajua jibu la mwisho, lile la kutisha: "Ukiwapa watu matokeo ya uchunguzi, watayatumia vibaya." Inawezekana. Lakini yanayotumiwa vibaya leo ni yale yasiyochunguzwa kabisa. Na kuna mfano wa hapahapa unaoonyesha kwamba watu wakirudishiwa mambo yao hawavunji vyombo. Tangu mwaka 2000, mpango wa *Mémoires de Lubumbashi*, pamoja na Dibwe dia Mwembu na wenzake wa historia, ulikusanya hadithi na vitu vya watu wa mji, na ukavionyesha katika muze la mji, hapa, mbele ya wale waliovitoa. Watu walikuja. Walibishana, walisahihisha, waliongeza. Wanahistoria hawakupungukiwa na kitu. Juu ya nini wanaisimu washindwe?

Ninachoomba si kikubwa. Andikeni artikle zenu kwa Kiingereza na Kifaransa, mpande grade, sina wivu. Lakini kila uchunguzi uliofanywa kwa midomo ya watu wa hapa uache hapa kurasa kumi za Kiswahili: tulikuuliza hivi, ulijibu hivi, tumeelewa hivi, na hapa hatukukubaliana kati yetu. Maelezo yawe kwa Kiswahili bora kadiri mnavyoweza; maneno ya watu yaandikwe sawa vile waliyasema, bila kunyooshwa. Kanda zirudi, nakala moja kwa familia, nyingine kwa komini ao parokia, mahali penye kabati na ufunguo. Majina ya walioomba kufichwa yafichwe. Walioomba kutajwa watajwe, wasiitwe "informanti A" kama vile ni wafungwa. Na halmashauri zinazopandisha walimu zihesabu kurasa hizo. Kama haziwezi kuhesabiwa sawa na artikle ya Amsterdam, zihesabiwe nusu. Nusu inatosha kwa kuanza, maana leo zinahesabiwa sifuri.

Vyama vya utamaduni sawa vile hiki chetu vinaweza kuchapa. Tuko na mashini, tuko na wasahihishaji, tumezoea kuchapa kwa makaratasi ya bei ndogo. Hatuna cha kuchapa, kwa sababu hakuna anayetuletea. Mwaka huu tena wanafunzi wa lugha watadefande, mmoja juu ya Kindubile, mwingine juu ya matangazo ya simu, mwingine juu ya majina ya maduka ya Kamalondo. Jury itakaa mbele, familia na maua katikati. Viti vya nyuma vitabaki vitupu. Pale wangeweza kukaa wenye maduka.